Kaskazi Ndani ya Ngome Kongwe

Februari Unguja ni mwezi wa jua kali. Vuli imekwisha, masika bado, na kuta za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe zinaanza kupata moto tangu saa mbili asubuhi. Mwenyeji anayeujua mji wake humaliza shughuli mapema, adhuhuri hujibanza kwenye baraza yenye kivuli, na alasiri hutoka tena. Tamasha la Sauti za Busara, ambalo tangu mwaka 2004 kwa desturi hufanyika mwezi huu, limezifuata saa hizo hizo za mji. Muziki huanza jua linapolegea, na hauachi mpaka usiku mkubwa.

Nimehudhuria matamasha ya viwanja vya mpira na ya fukwe za hoteli, na mengine nimeyafurahia. Lakini sijaona pahali muziki ulipokaa penyewe kama ndani ya Ngome Kongwe, linapofanyika tamasha hili, na ninaamini joto lenyewe ni sehemu ya sababu. Upepo wa kaskazi unaovuma miezi hii, kuanzia Disemba hadi Machi, ndio uliokuwa ukisukuma majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi hadi pwani yetu. Mabaharia walishusha tende na mazulia, wakasubiri kusi iwarudishe kwao, na katika miezi hiyo ya kusubiri waliimba, walicheza, walioa, walifundisha na kufundishwa. Muziki wa Unguja ulikua katika msimu huu. Ukiusikiliza Februari, huku shati limekuganda mgongoni, unausikia katika hewa iliyouzaa.

Nilivuka kwa boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam, safari ya takriban saa mbili. Kwenye sitaha ya nyuma walikaa vijana wenye ngoma zilizofungwa kwa vitenge, wamezizunguka kwa miguu ili zisibingirike boti inapopanda wimbi. Mmoja alikuwa akilisugua kiganjani tufe dogo la nta nyeusi, bila kusema na mtu, macho yake baharini. Nilimwona tena usiku, na nikaelewa ile nta ilikuwa ya nini.

Kutoka bandari ya Malindi nilitembea kando ya bahari, barabara ya Mizingani, hadi Forodhani. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, bado lina jeraha lake: tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Kila ninapopita hapo nasimama kidogo. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini chokaa, chumvi na mvua havisomi orodha, na nyumba za hapa zinahitaji mikono na fedha kila mwaka. Mbele ya jumba hilo, ukutani mwa bahari, vijana wa makachu walikuwa wakiruka. Mmoja anatoka mbio kutoka katikati ya bustani, anakanyaga ukingo, anajikunja angani na kuzama, na kabla maji hayajatulia mwenzake tayari yuko hewani. Waliosimama kuangalia walikuwa na midomo mikavu na macho ya wivu. Saa sita ya mchana, joto nyuzi thelathini na kitu, na wao peke yao ndio waliokuwa wakipata raha.

Mimi nilikimbilia Jaws Corner, ile njia panda ya vichochoro ambapo wazee hunywa kahawa na kuzungumza siasa. Jua haliifikii sana, maana nyumba zimeinamiana. Nilipotaka kuondoka mapema niwahi Ngome, mzee mmoja aliyekuwa akimwaga kahawa kutoka kwenye dele alinizuia kwa mkono.

"Yakhe, waenda wapi saa hizi? Kaa kitako. Ngoma haikimbii, na jua hili litakutoa roho bure."

Nilikaa. Alinipa kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata, kisha akanieleza, kama anayemweleza mjukuu, kwamba muziki mzuri husikilizwa na mtu aliyelala mchana. Kumbe ndivyo wafanyavyo wenyeji wote wa tamasha. Wageni hushinda juani wakipiga picha, na ikifika saa tatu usiku wanasinzia wakati uhondo ndio kwanza unaanza. Nilipata usingizi wa saa moja nyumbani kwa jamaa zangu Vuga, chini ya feni, na nikashukuru.

Saa kumi nilikuwa mlangoni.

Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondolewa, mahali palipokuwa na kanisa la hao Wareno. Karne ya 19 ilitumika kama gereza. Miaka ya 1940 uwanja wake wa ndani ukawa wa kina mama kuchezea tenisi, na miaka ya 1990 pakajengwa ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia. Ni jengo lisilo na urembo. Kuta nene za rangi ya hudhurungi, minara ya duara, meno ya ukuta juu kabisa. Lakini kuta hizo zina kazi mbili ambazo hakuna hema wala uwanja wa kisasa unaoziweza. Huushika mlio usitawanyike, kiasi kwamba fidla moja inasikika mpaka nyuma. Na hufupisha umbali. Aliye mbali kabisa na jukwaa bado anauona uso wa mwimbaji.

Alasiri kuta zinafanya na kazi ya tatu. Ukuta wa upande wa bahari huanza kumwaga kivuli uwanjani, kwanza utepe mwembamba, na watu wote wanakaa ndani ya utepe huo. Kivuli kinavyopanuka, ndivyo mkusanyiko unavyopanuka. Hapakuwa na tangazo wala mgambo wa kupanga watu. Bibi mmoja mwenye buibui alikuwa amekuja na wajukuu na mkeka, na kila baada ya muda aliwaambia, "Haya, sogeeni," wakanyanyua mkeka hatua mbili kulifuata giza la ukuta. Mpaka bendi ya pili inamaliza, kivuli kilikuwa kimefika jukwaani, na watu nao wamefika jukwaani.

Sharti moja la tamasha hili nalipenda kuliko yote: kila kinachosikika kinapigwa palepale. Hakuna pleibeki. Katika nchi yetu msanii mwenye jina kubwa anaweza kupanda jukwaani na mdomo wake tu, nyimbo zote zikatoka kwenye kompyuta, na watu wakalipa na kushangilia. Kwa Busara hilo haliwezekani. Ukija, uje na wapigaji wako, na wapigaji waje na vyombo vyao, na kama uzi utakatika, ukatike mbele ya watu. Sharti hilo limewapa kazi na heshima wapiga ngoma, wapiga gitaa na wapiga kinanda ambao vinginevyo wangebaki kupiga kwenye harusi. Kijana wa Mbeya mwenye babatoni, lile gitaa kubwa la uzi mmoja, anasimama jukwaa lile lile analosimama nyota wa Mali au Afrika Kusini, na spika zinazowabeba ni zile zile.

Ilipokaribia magharibi, muziki ulinyamaza. Adhana ilianza msikiti mmoja, ikajibiwa na wa pili, halafu ikawa inatoka pande zote za mji, na ndani ya Ngome maelfu ya watu walikaa kimya au walizungumza kwa sauti ya chini. Wanaume kadhaa walitoka kwenda kuswali. Mgeni mmoja kutoka Ulaya aliyekaa karibu yangu aliuliza kama mitambo imeharibika, na kijana wa Kizanzibari akamweleza kwa upole. Hakuna aliyeona amepungukiwa kitu. Wako wanaosema tamasha la muziki na mji wa Kiislamu haviwezi kuishi pamoja. Dakika zile zilinionyesha vinaishi pamoja vizuri, kila kimoja kikimpa mwenzake nafasi.

Muda huo ndio wa kula, na Forodhani ipo ng'ambo ya barabara tu. Karabai zilikuwa zimewashwa, moshi wa mishikaki unapanda, pweza wamepangwa mezani, na mashine za miwa zinalia. Nasaha yangu kwa anayekwenda mara ya kwanza: acha piza ya Zanzibar kwa siku ya pili, anza na urojo. Bakuli lina viazi, bajia, kachori na chipsi za muhogo, limemwagiwa mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe na ndimu, na chatine juu yake. Kwenye joto ungedhani mtu angetaka kitu cha baridi. Lakini ule uchachu na pilipili hukutoa jasho jipya, upepo wa bahari ukakupiga, na mwili wote ukapoa. Juu yake nilikunywa juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, kisha nikarudi ndani.

Taarabu ilipangwa mwanzoni mwa usiku, na hapo sikuwa na haraka ya kitu chochote duniani. Muziki huu una nasaba ndefu hapa. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni, akarudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na mwaka 1958 Culture Musical Club, na vikundi vyote viwili vimeshapanda jukwaa la Busara. Lakini aliyeitoa taarabu katika ukumbi wa watawala na kuitia katika Kiswahili cha watu wa kawaida ni Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Aliimba habari za mahakama, za waliodhulumiwa, za mapenzi ya vichochoroni. Mwimbaji Bi Kidude alichota kwake, na yeye naye aliimba ndani ya Ngome hii miaka na miaka, mwili mdogo, sauti iliyokwaruza na kujaza uwanja, mpaka kufariki kwake Aprili 2013. Mpaka leo jina lake likitajwa jukwaani, watu husimama.

Nilikaa karibu na mpiga kanuni. Chombo hicho kina nyuzi zaidi ya sabini, na unyevu wa usiku wa pwani ni adui yake. Baina ya nyimbo, wenzake wakinywa maji na kujifuta, yeye aliinama na ufunguo wake mdogo wa chuma, akigusa uzi, akisikiliza, akizungusha kigingi nywele moja tu, akigusa tena. Jasho lilimdondoka puani likaanguka juu ya ubao, akalifuta kwa ncha ya kanzu bila kuinua kichwa. Fundi mitambo alimwashiria kwamba muda unakwenda. Hakumjali. Alipomaliza alikaa wima, akavuta pumzi, na mlio uliotoka ulikuwa safi kiasi kwamba bibi mwenye mkeka, aliyekuwa nyuma yangu, alisema "Allah!" kwa sauti.

Kisha akafanya alilokuja kulifanya. Aliifungua ncha ya kanga, akatoa noti iliyokunjwa, akanyanyuka. Alitembea polepole mpaka mbele, akicheza kwa mabega tu, mkono wenye noti umeinuliwa watu wote waone, na ubeti ulipofika pale alipopataka akamtunza mwimbaji kiganjani. Wanawake wengine wakafuata mmoja mmoja. Kila mmoja alichagua ubeti wake, na waliokaa walijua, au walijifanya kujua, ubeti ule unamhusu nani mtaani. Wageni wengi walidhani ni malipo. Ni zaidi ya malipo. Ni njia ya kusema jambo mbele ya watu bila kulitamka.

Saa nne usiku nilizunguka nyuma ya jukwaa, karibu na ukuta, nikaona moto. Vijana wa boti walikuwa wamewasha karatasi na makuti makavu, na ngoma zao zimeegemezwa kuuzunguka, nyuso za ngozi zikiuelekea mwako. Hewa ya bahari huilegeza ngozi, na ngoma iliyolegea haina neno. Kila mmoja aliigonga yake kwa ncha za vidole, akaisikiliza, akairudisha motoni. Yule kijana wa tufe alichukua nta yake, sasa laini kwa joto, akaibandika katikati ya uso wa ngoma kubwa, akaisambaza kwa kidole gumba mpaka ikawa duara jeusi. Akapiga. Mlio ulishuka, ukawa mzito, ukatulia. Akabandua kipande kidogo sana, akapiga tena, akatabasamu. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyokusudia, jasho likinitiririka kwa joto la moto na la usiku, nikifikiri kwamba kazi hii yote ilikuwa inafanyika ili watu wasiojua wapate kucheza.

Na walicheza. Vijana wale wa ngoma walipopanda jukwaani, nafasi ya kukaa ilikwisha Ngome nzima. Mama mmoja aliyevaa kitenge cha Kikongo alinishika mkono bila kunijua. Vijana wa Nairobi waliokuwa na bendera yao mabegani waliwafundisha Wajerumani kukata kiuno, na Wajerumani walijitahidi kwa moyo wote. Maaskari wa mlangoni walikuwa wakitikisa vichwa. Kuta zilizokunywa jua kutwa sasa zilikuwa zinalirudisha. Ukiegemea jiwe saa tano usiku bado lilikuwa na uvuguvugu, lakini juu ya vichwa vyetu kaskazi ilipita, ikashuka kwa vipindi, na kila iliposhuka watu walipiga yowe la furaha kama waliorushiwa maji.

Usiku uliishia kwa mchiriku, ule muziki wa uswahilini Dar es Salaam wenye kinanda kidogo cha Casio kilichochakaa na ngoma zinazokimbia. Jagwa Music wameupeleka mbali, Ulaya hata, na Ngome Kongwe inawajua. Siku nyingi mchiriku ulidharauliwa kama muziki wa wahuni, wa mkesha wa mtaani. Kuusikia ukipigwa ndani ya kuta za karne ya 17, saa saba kasoro usiku, kwa mitambo mizuri na mbele ya watu wa mataifa yote, kulinipa faraja ambayo nilikuwa nikiidai kwa niaba ya watoto wote wa Mwananyamala na Temeke.

Nje, vichochoro vilikuwa bado vina watu. Barazani walikaa wasikilizaji wakibishana ni bendi ipi iliyoongoza, wapiga ngoma wamelala juu ya ngoma zao, na kwenye kona moja mkongwe wa kahawa alikuwa bado anauza.

Sasa neno kwa msomaji, na nalisema kwa uzito. Tamasha hili haliko kwa sababu lazima liwepo. Mwaka 2016 halikufanyika kabisa, kwa kuwa fedha zilikosekana. Tiketi peke yake hazikidhi gharama za mitambo, usafiri na malipo ya wasanii wengi kiasi hiki, na sehemu kubwa ya ufadhili kwa miaka mingi imetoka kwa balozi na mashirika ya nje. Hoteli, boti na makampuni yanayovuna kutokana na Februari hii ya Unguja yana wajibu wa kulichangia tamasha, na Serikali zetu mbili pia. Nasi wa kawaida tunao mchango wetu. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa Ulaya, na Mwafrika kutoka nchi nyingine naye hupunguziwa, lakini kila mara nikitazama foleni naona wenzetu kutoka mbali wamewahi kutupita. Weka nafasi ya boti na pa kulala mapema, maana mji hujaa. Chukua shati jepesi, maji, na fedha kidogo ya kumtunza mwimbaji. Lala mchana. Saa kumi uwe ndani, ukae chini ya ukuta wa upande wa bahari.

Na ukikutana na wapigaji nyuma ya jukwaa wakizipasha ngoma moto, wasalimie kwanza, kisha uombe ruhusa ya kuangalia.